Pua Iliyopunguzwa

Basi lilitushusha mahali ambapo halikukusudia kutushusha. Dereva alizima injini kwenye mji ambao katika tiketi yangu ulikuwa wa kupita tu, akageuka kitini, akasema daraja la mbele limechukuliwa na maji na yeye si samaki. Tulicheka kidogo, kicheko cha watu wasio na la kufanya, kisha tukaanza kushusha mizigo. Mimi nimezoea kukwama. Nusu ya miji ninayoijua vizuri niliijua kwa sababu kitu fulani kiliharibika nikiwa njiani kwenda kwingine.

Abiria mwenzangu, mama mmoja mwenye kapu la vitunguu, alinielekeza kwenye nyumba yenye vyumba vya kupangisha nyuma ya soko. "Ulizia kwa Fundi Herufi," alisema. "Hupotei. Ukifika mtaa ambao vibao vyote vinasomeka, ndipo hapo."

Nilidhani anatania. Mitaa ya kwanza ilikuwa kama mitaa ya mahali pengi: duka la dawa lililobaki na nusu ya jina lake, kinyozi ambaye kichwa alichochorewa ukutani kilikuwa kimeliwa na jua mpaka kikabaki masikio na kitana. Kisha nikakata kona na mtaa mzima ukaanza kuongea kwa sauti moja. Fundi cherehani, muuza misumari, daktari wa meno, duka la majeneza: herufi zote zilisimama wima, nyekundu na buluu kana kwamba zimeandikwa asubuhi ile, kila moja na kivuli chake cheusi upande wa kulia. Hata onyo la kukataza watu wasikojoe kwenye pembe ya ukuta lilikuwa limepigwa mstari wa dhahabu chini yake.

Mwenye kazi hiyo alikuwa juu ya ngazi, mzee mwembamba mwenye kofia ya karatasi za gazeti, akipitisha brashi juu ya neno SUTI. Neno lilikuwapo tayari. Hakuwa anaandika kitu kipya. Alikuwa anatembea juu ya nyayo zake mwenyewe, taratibu, akivuta pumzi mwanzo wa kila mstari na kuiachia mwisho.

"Shemeji," mwanamke aliyekuwa akikunja mashuka mlangoni alimwita bila kuinua macho, "kuna mtu hapa ametumbulia macho visigino vyako. Sijui anataka chumba au anataka kukuposa."

"Muulize kama ana kazi," akajibu wa juu. "Mchumba asiye na kazi sitaki."

"Ana begi tu."

"Basi mpe chumba."

Mwanamke huyo alikuwa mdogo wa marehemu mke wa fundi. Yeye alisimamia vyumba vya juu, fundi alikuwa na karakana ya chini, na utani wao ulikuwa umeanza siku ya harusi ya dada yake na haujapata likizo tangu hapo. Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo Shemeji, hata watu ambao hawakuwa na undugu wowote naye, kwa kuwa ndivyo walivyomsikia akiitwa kutwa nzima kupitia ngazi. Alikuwa na pua pana, iliyotulia katikati ya uso kama mgeni rasmi aliyepewa kiti cha mbele. Naitaja mapema kwa sababu pua hiyo ina sehemu yake katika habari hii.

Jioni Fundi Herufi alinikaribisha chai karakanani. Palikuwa na meza ndefu yenye madoa ya kila rangi iliyowahi kutumika mtaani, makopo yaliyopangwa vifuniko juu, brashi zilizoning'inizwa manyoya chini. Alinieleza kazi yake. Kwa mwalimu aliyemfundisha, herufi ikipauka ilikuwa aibu ya fundi, wala si ya mwenye duka. Kwa hiyo kila mara alizunguka mtaa wake, na palipochujuka alipanda ngazi akapitisha rangi upya, aitwe asiitwe. Wenye duka walimlipa walichokuwa nacho. Daktari wa meno alimlipa kwa meno mawili ya mbele, na alinionyesha.

Juu ya meza, ndani ya fremu, palikuwa na picha ya mwanamke amesimama mlangoni, mikono ameikunja kifuani, kitambaa chekundu kichwani. Haikuwa picha ya kamera wala ya brashi. Ilikuwa ya chapa: mtu alikuwa amechonga ubao, akaupaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuikandamiza, kisha akaibandua.

"Huyo ni mke wangu," alisema. "Na mlango ni huo ulioingilia."

Aliyeichonga alikuwa mgeni, kijana msanii asiyejulikana, aliyepanga chumba kile kile nilichopewa mimi. Hakuwa na meza, akaazima ya fundi. Mke wa fundi alisimama mlangoni siku kadhaa huku akilalamika kwamba wali unaungua. Kijana alitoa chapa thelathini, akaacha moja kama shukrani, akaenda zake. Alikuja kufa mbali, na alipokufa watu wakaanza kumjua, kama kawaida ya watu. Mwaka uliopita mpangaji mmoja alisimama mbele ya fremu ile, akashika mdomo, akasema kazi za mtu huyu siku hizi zinauzwa kwa bei ya nyumba.

"Kwanza fundi hakujali," alisema Shemeji, ambaye alikuwa amekuja na mashuka yake ili asipitwe na mazungumzo. "Sasa anajali. Nyumba imeuzwa."

Mwenye nyumba wa zamani alikuwa amefariki na watoto wake wakauza. Vyumba vya juu vingebaki kama vilivyo, lakini karakana ilikuwa inaangalia barabara, na mlango unaoangalia barabara una kilemba: fedha ya kumpoza mwenye nyumba ili akuachie wewe badala ya mwingine. Muuza simu alikuwa ameshaahidi kulipa. Mwenye nyumba mpya alimpa fundi mpaka mwisho wa mwezi afikishe kiasi hicho hicho.

"Nisipofikisha, naenda kwa mwanangu," alisema Fundi Herufi. "Ananipenda. Ila anakaa ghorofa ya nne kwenye nyumba ya kupanga ambayo hata msumari huruhusiwi kupigilia. Kuta nyeupe kila upande. Nitakaa kwenye kochi nikizitazama, wao wakienda kazini na kurudi, mpaka nife."

"Utatazama televisheni," alisema Shemeji.

"Televisheni haihitaji kupakwa."

Mtathmini wa vitu vya kale, mtu wa kutaja bei za mali ambazo watu wamezirithi bila kujua wamerithi nini, alikuwa anakuja mjini wiki hiyo. Tangazo lake lilibandikwa ukumbi wa mji. Fundi alikuwa ameamua kumpelekea picha.

Niliitazama tena. Kitambaa kilikuwa chekundu sana. Chini pembeni, sahihi ya msanii iling'aa kwa dhahabu, na juu ya yote palikuwa na vanishi iliyorudisha mwanga wa taa usoni mwangu.

"Imetunzwa," nilisema, maana sikujua niseme nini.

"Kutunzwa gani?" Shemeji alicheka. "Hebu muulize habari ya ile pua."

Fundi alitabasamu kwa aibu. Mke wake, alieleza, hakuipenda picha hiyo hata siku moja. Alisema hawezi kuning'inizwa ukutani na pua ya jirani. Fundi akamwambia ni yake, mke akasusa. Mwishowe, ili alale kwa amani, fundi akachukua brashi nyembamba na rangi ya ngozi, akaipunguza pua pande zote mbili.

"Alipunguza pua ya ukoo wetu," alisema Shemeji, akiinua uso upande ili taa iimulike yake. "Pua iliyotoka kwa bibi mzaa bibi. Siku ile nilimwambia dada, huyo ukutani si wewe, ni mwanamke mwingine wa mumeo, na wewe umempa ruhusa."

Baada ya hapo kulikuwa na kitambaa kilichoanza kupauka, akakirudishia wekundu, mara moja, halafu tena mke alipofariki, halafu tena. Kulikuwa na sahihi ya penseli iliyokuwa inafifia. Akaipitia kwa dhahabu, mstari kwa mstari, bila kutoka nje hata unywele. Halafu vanishi, dhidi ya moshi wa jiko.

Nilimwambia kwamba watu wa vitu vya kale wakati mwingine hupenda kitu kibaki kilivyozeeka. Alinipigapiga begani kama mtu anayemfariji mtoto.

"Hakuna anayependa kibao kilichopauka, mgeni. Wanasema tu."

Siku ya tatu, kama mgeni yeyote, nilipewa jembe langu. Mtathmini alikuwa mama kutoka nchi nyingine, na mkalimani aliyeahidiwa alikuwa amekwama ng'ambo ya daraja. Shemeji alikuwa amenisikia nikigombana na watu wa basi kwenye simu kwa lugha moja na kuomba radhi kwa nyingine. "Wewe una midomo mingi," aliniambia. "Mmoja mwazime shemeji yangu leo."

Ukumbi ulinuka vumbi na kabati za watu. Kila mtu alikuwa amepakata kitu alichokitazama tangu utotoni. Mbele yetu alikaa bwana mwenye saa ya ukutani isiyo na mishale. Alituhakikishia kwamba inakwenda vizuri sana, ila haisemi. Fundi alikuwa amevaa koti na kuifunga picha kwa shuka safi la Shemeji. Mikono yake ilinuka sabuni na, chini ya sabuni, thina, dawa ya kuyeyushia rangi.

Mtathmini alikuwa mama wa makamo, macho mekundu kwa uchovu wa safari, glavu nyeupe za pamba mikononi. Saa aliirudisha kwa tabasamu. Fundi alipofungua shuka, mama yule alisimama. Kwa wote waliotangulia alikuwa amekaa. Nilihisi kiwiko cha fundi kwenye mbavu zangu.

Aliomba picha itolewe kwenye fremu. Fundi aling'oa vijimisumari kwa kisu chake cha mfukoni, na kwa mazoea ya karakana akavitia mdomoni kimoja kimoja. Mama akaipokea karatasi kwa mikono miwili, uso chini, akaanza na mgongo. Alipitisha kidole hewani juu ya mistari iliyobonyea, pale ubao ulipokuwa umeiuma karatasi. Akaanza kusema haraka. Kazi hii ni ya mwanzo kabisa ya msanii, nilitafsiri. Zimebaki chache mno. Yeye mwenyewe ameiona nyingine moja tu maishani. Kama uso uko kama mgongo, alisema, basi, na akataja bei.

Nilimwomba arudie, kwa kuwa tarakimu hupotea upesi katika lugha ya kuazima. Akarudia. Ilikuwa kilemba, na kilemba kingine juu yake.

Nilimwambia fundi. Hakuweza kujibu kwa sababu ya misumari. Macho yake yalijaa maji, akainua kidole kimoja kunitaka nisubiri, akavitema vijimisumari kiganjani kwa adabu, akasema, "Mwambie namshukuru sana. Mwambie na marehemu anamshukuru."

Mama aliigeuza picha na kuvuta taa ya mezani hadi mwanga wake ukalala juu ya karatasi.

Mwanga wa ubavuni hauna huruma. Brashi yote ilijitokeza: kitambaa kilikuwa kimevimba kwa tabaka za rangi, dhahabu ilisimama juu ya karatasi kama uzi, na pua ndogo ilikuwa na kingo mbili ndefu. Mama akashusha kioo cha kukuzia, akakiinua, akaniangalia mimi badala yake.

"Nani aliyepaka rangi hapa?"

Nilitafsiri. Hakuna namna ya kulitafsiri swali hilo ili lisikike kama lilivyokuwa. Fundi Herufi alijiweka sawa kwenye koti lake.

"Mimi," alisema. "Mwambie ni mimi. Mwambie asidhani imekaa hivi bure. Kitambaa peke yake nimekirudia mara tatu. Na sahihi, mwambie aangalie sahihi, kama ataona mahali nilipotoka nje ya mstari."

Nikaisema sentensi moja baada ya nyingine, na kila moja ilifika mbele ya mama yule nikiona inavyomwumiza. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama sahihi kwa kioo chake, kwa muda, kwa sababu ameombwa. Akasema kweli hakutoka nje ya mstari hata mara moja. Kisha akasema yaliyobaki. Chini ya dhahabu hakuna tena awezaye kuthibitisha penseli. Vanishi imezama. Kitambaa, uso, vimekwenda. Wanunuzi wanataka mkono wa msanii, na hapa mkono unaoonekana ni wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo?" niliuliza.

"Kwa hiyo fremu ni nzuri," alisema, na akashusha macho.

Nilimgeukia fundi nikitafuta pa kuanzia.

"Usinitafsirie," alisema. "Ameipokea kwa mikono miwili. Ameiweka chini kwa mmoja."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kukohoa. Mama wa glavu, nadhani kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa, alichukua tableti yake, akatafuta, akaielekeza kwetu. Ilikuwa ile chapa nyingine aliyowahi kuiona. Mlango ule ule, mikono ile ile imekunjwa. Kitambaa kilikuwa kimefifia kikawa rangi ya tofali kuukuu, karatasi imegeuka chai, sahihi ilikuwa mkwaruzo wa kijivu usioonekana vizuri.

"Hiyo ndiyo yenye bei?" aliuliza fundi.

"Hiyo ndiyo."

"Imeachwa ichakae," alisema. "Angalia wekundu ulivyokwenda. Mwenyewe hakuishughulikia hata kido—"

Akaacha. Akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo cha tableti. Katikati ya uso uliofifia ilikuwa imekaa pua pana, ya bibi mzaa bibi, yenyewe hasa.

"Mh," alisema. "Ndiye."

Kioo kilizimika. Mama akakigusa kikawaka. Kikazimika tena, mama akakigusa tena, na tukakaa hivyo, watatu tusiokuwa na lugha, huku kioo kikilala na kuamshwa, hadi bwana mmoja wa foleni akauliza kama hapo ndipo kwa kutathmini au kwa kutazama sinema.

"Muulize," fundi aliniambia mwishowe, "kama rangi yangu ikitolewa." Kabla sijafungua mdomo alitikisa kichwa mwenyewe. "Basi, acha. Karatasi ikishakunywa rangi ya mafuta, imekunywa. Nitamuuliza mtu kitu ninachokijua?"

Tulirudi kwa miguu. Alibeba picha kwapani, shuka likiburuta kidogo. Mtaani kwake alisimama mbele ya neno SUTI, ambalo bado lilinuka rangi.

"Na hili?" aliuliza.

Nilisema kibao cha duka ni kitu kingine.

"Tofauti ni nini?"

Nimeishi katika lugha nyingi na katika kila moja ninaweza kuomba maji, kubishana bei na kumsifia mtoto wa mtu. Jibu la swali hilo sikulipata hata katika moja. Alingoja kwa heshima, akaona halipo, akaendelea kutembea.

Shemeji alikuwa mlangoni. Alituona tangu tukiwa kwenye duka la majeneza, na kwa jinsi shuka lilivyokuwa linaburuta hakuuliza. Alilichukua tu, akalikung'uta vumbi.

"Wamesema nimeiharibu," fundi alimwambia.

"Mbona mimi nilisema zamani, na sikukutoza hata senti?"

Fundi alicheka kidogo. Kisha akaingia karakanani, akailaza picha mezani, akafungua kopo la thina na kuchovya pamba. Nilisimama kizingitini, Shemeji nyuma yangu akichungulia juu ya bega langu. Fundi aliinama juu ya ile pua ndogo. Mkono ambao haujawahi kutoka nje ya mstari ulikuwa hewani, unadondosha tone moja mezani, halafu jingine. Alijua vizuri kuliko sisi kitakachotokea: rangi yake ingelainika na kuondoka, na chini yake wino wa kijana yule ungeondoka nao, na karatasi ingebaki na doa pale palipokuwa na uso. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Shemeji, maji yakimwagika hayazoleki." Fundi akaitupa pamba ndani ya debe, akafunga kopo, akalipigilia kifuniko kwa kiganja pande zote.

Mwenye nyumba mpya alifika siku iliyofuata na muuza simu na utepe wa kupimia. Alikuwa kijana mwenye adabu, jambo lililofanya mambo yawe magumu, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Alimwita fundi baba. Alimuuliza habari za mwanawe. Alipoulizwa kama anaweza kungoja mwezi mmoja zaidi alitazama chini, akasema, "Baba, ukiniambia baada ya huo mwezi kuna kitu kinakuja, nitangoja." Fundi alifikiri, akasema hakuna kitu kinachokuja.

Muuza simu aliuliza, kwa kusitasita, kama fundi angemwandikia kibao cha duka jipya kabla hajaondoka.

"Huna haya wewe," Shemeji alimwambia.

"Muache," alisema Fundi Herufi. "Herufi zina kosa gani?"

Akaandika. Alipanda ngazi mbele ya mlango wake mwenyewe, akafuta jina lake kwa msasa, akaanza na mistari ya chaki. Mimi nilishika ngazi kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee niliyoiweza. Alipaka mkono wa kwanza, akangoja ukauke, akapaka wa pili. Alipofika kwenye vivuli vya upande wa kulia alishuka, akaketi kwenye kopo, akakitazama kibao.

"Kikipauka, nani atakipitia?" aliniuliza.

"Sijui."

"Basi kitapauka," alisema, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. "Labda na chenyewe siku moja kitakuwa na bei." Akapanda kumalizia vivuli.

Siku ya kuondoka kwake, basi la kwenda kwa mwanawe lilisimama mwisho wa mtaa. Njia yake ilikuwa nzima. Iliyokatika ilikuwa yangu. Alikuwa na begi moja na kifurushi kirefu cha brashi zilizofungwa kwa gazeti, ingawa mwanawe alikuwa amempigia simu kumkumbusha kuhusu kuta. Picha alikuwa ameiacha karakanani, imeegemezwa ukutani, uso nje.

"Hiyo unamwachia nani?" aliuliza Shemeji.

"Wewe."

"Mimi sikai na mwanamke nisiyemjua. Dada yangu alikuwa na pua."

"Najua," alisema. "Nimemwona juzi."

Kondakta alipiga bodi ya basi kwa kiganja. Fundi Herufi alinigeukia.

"Wewe unabaki, mgeni. Ukimwona tena yule mama wa glavu, mwombe. Sitaki bei. Anionyeshe tu ile nyingine, angalau kwenye simu ya mwanangu."

Mama yule alikuwa ameondoka mjini siku mbili nyuma, na sikuwa hata na jina lake. Nilimwambia nitamwomba. Aliitikia kwa kichwa, kwa upole uliotosha kunijulisha kwamba naye anajua.

Alipanda ngazi ya basi, akasimama mlangoni na brashi zake kifuani, akamtazama Shemeji usoni. Hakupepesa. Abiria wa nyuma yake walianza kumwomba apite.

"Unatazama nini, we mzee?" alisema Shemeji. "Hujawahi kuniona?"

"Geuka kidogo," alisema. "Upande wa mwanga."

Nilidhani Shemeji atamtukana. Aligeuza uso polepole upande wa jua, kidevu juu, akasimama wima na kukunja mikono kifuani, na akakaa hivyo bila kutikisika mpaka mlango ukafungwa na basi likakata kona ya duka la majeneza.

"Panda juu, mgeni," aliniambia baadaye, bado ametazama kule. "Maji yako ya kuoga yanapoa."